UZI: Sarafu za shaba za Warumi na Ulaya ya zamani, ni bei chee kuliko mnavyodhani

SentiYaTundu (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Kila nikipita humu mada za sarafu ni zile zile, nina rupia ya Mjerumani nani ananunua, nina senti ya Mfalme George nimeambiwa ni milioni mia, alafu uzi unajaa watu wa "njoo PM". Leo naomba tuongelee sarafu kama sarafu, hasa hizi za shaba na bronzi ambazo watu wanazidharau, za Warumi wa kale na za Ulaya ya kuanzia miaka ya 1600 mpaka 1900 na kitu. Mi nipo Birmingham Uingereza na hii ndo starehe yangu, wengine wana mpira.

Msimamo wangu nautoa mapema ili wabishi mjiandae. Anayeanza asinunue dhahabu wala fedha, anunue shaba. Dhahabu ilikaa kwa wakubwa, ikafukiwa, ikayeyushwa. Shaba ndo iliyonunua mkate na mvinyo, kuingia bafu la umma pale Roma ilikuwa quadrans moja tu, yani robo ya sarafu yao iitwayo as, kisarafu cha shaba hata ukidondosha huinami. Imepita mikononi mwa watu wa kawaida kabisa na ilitengenezwa kwa wingi wa kutisha, ndomana mpaka leo ipo.

Wingi gani? Mwaka 2010 huko Frome, Somerset, jamaa mwenye kifaa cha kutafutia vyuma alikuta chungu shambani, ndani sarafu 52,503 za Kirumi, kilo 160, karibu zote hizi za shaba zenye fedha kiduchu za karne ya 3. Mwaka 2016 Tomares karibu na Sevilla, Hispania, mafundi wanachimba mtaro wakakutana na mitungi 19, sarafu za bronzi kama kilo 600. Hizo hazipo sokoni, ila mmepata picha. Umri peke yake haupandishi bei, bei inapandishwa na uchache, hali ya sarafu yenyewe, na wangapi wanaitaka. Sarafu ya mfalme Konstantino au wanae, ya miaka ya 330, inayosomeka vizuri, unaipata kwa pauni 10 mpaka 20 kwa muuzaji anayeaminika na anayetoa risiti. Peni ya Victoria iliyochakaa unaipata hata kwa pauni moja.

Karibuni, maswali ruksa, picha ruksa.

kipanga255
Nafuatilia.
Mkuu yani kitu cha miaka 1,700 kwa elfu 40 au 60? Bei ya kuku wawili? Hapo kuna kamchezo. Na hizo za maana, zile kubwa za Kaisari, zenyewe vipi?

SentiYaTundu
Kipanga hamna kamchezo, ila matapeli wapo nitawafikia.

Zile kubwa unazosema ni sestertius. Mfalme Augusto alivyopanga upya pesa, mnamo 23 K.K., sestertius na dupondius (ya as 2) akaziweka kwa shaba njano, yani shaba na zinki, ikiwa mpya inang'aa utadhani dhahabu, na as akaiweka kwa shaba nyekundu tupu. As 4 ni sestertius 1, sestertius 4 ni dinari 1 ya fedha, dinari 25 ni aureus 1 ya dhahabu. Sestertius ina gramu 25 hivi, ukiishika unajua umeshika kitu, uso wa mfalme mkubwa hadi mikunjo ya shingo unaiona, Nero na kidevu chake, Vespasian na upara wake. Hizo zikiwa nzima zinaenda mamia ya pauni mpaka maelfu, zikiwa zimelika makumi.

Dupondius na as ukubwa wake unakaribiana, na shaba ikishazeeka rangi zote zinakuwa zile zile, sasa watu wanachanganya. Angalia kichwani, kuanzia kwa Nero dupondius mara nyingi mfalme kavaa taji la miale, as kavaa la majani.

Alafu pesa ikaanza kuharibika. Mfalme Caracalla mwaka 215 akatoa sarafu ya "dinari mbili" ambayo fedha ndani yake haifiki hata dinari mbili. Kufika kwa Gallienus miaka ya 260 ile sarafu ina fedha chini ya 5 kwa mia, ni shaba imechovywa tu juu, ukiisugua mara mbili mfalme anageuka mwekundu. Diocletian akajaribu kurekebisha mnamo 294, akaleta sarafu mpya ya bronzi ya gramu 10, nzuri kweli, miaka hamsini baadae ile ile imebaki gramu moja na nusu. Hapo mnaolalamikia shilingi mjue wenzenu walishapitia.

Na hivi visarafu vyepesi vya mwisho ndo rafiki wa anayeanza. Kipindi cha Konstantino maneno ya mgongoni ni machache yanajirudia, ukishajua matano sita unasoma sarafu maelfu. GLORIA EXERCITVS, askari wawili wamesimama na bendera katikati. Bendera zikiwa mbili ni 330 mpaka 335, ikiwa moja ni baada ya hapo mpaka 341 hivi. FEL TEMP REPARATIO ya kuanzia 348, askari anamchoma mkuki jamaa anayeporomoka na farasi wake, hizo zipo kila kona. VRBS ROMA, mbwa mwitu ananyonyesha watoto wawili. Chini kabisa pana herufi za mji ilikotengenezwa, TR ni Trier ya Ujerumani, SIS ni Siscia ambayo leo ni Sisak kule Kroatia, SMK ni Cyzicus, SMTS ni Thessaloniki, ANT ni Antiokia, PLON ni London. Kwahiyo kisarafu cha gramu mbili kinakwambia nani, wapi, na karibia lini. Hebu niambie noti gani inakupa hivyo.

MamaSalma_Unguja
Assalaam aleykum. Mie nina mkebe wa pesa za shaba aliouacha marehemu babu, zimo za Seyyid Barghash zile zenye mizani, zimo za Mjarumani zenye tai, na moja kubwa nzito imeandikwa GEORGIUS III na nyuma BRITANNIA 1797, ina kingo pana kabisa, maandishi yamezama ndani. Zote zimepiga weusi, nyengine zina ukijani. Nataka nizisugue kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua masinia ya shaba, zitang'ara?

SentiYaTundu
Mama Salma waaleykum salaam na shikamoo, nakuomba hiyo ndimu ikae mbali kabisa. Zitang'ara ndio, kwa wiki moja, na thamani inaondoka na yale maji ya ndimu. Ule weusi na ukahawia na ukijani mgumu laini ni ngozi ya sarafu, wenyewe wanaita patina, shaba imejifunika yenyewe miaka na miaka, na ndo inayozuia isiendelee kulika. Mnunuzi yeyote anayejua akiona shaba ya zamani imekuwa ya pinki inang'aa anaweka chini anaondoka. Ndimu, siki, ukwaju, stilwaya, dawa ya kung'arishia vitasa, vyote hivyo hapana.

Hiyo ya 1797 mama ni hadithi yangu kabisa maana imetoka hapa ninapokaa. Zinaitwa gurudumu la mkokoteni kwa ajili ya hizo kingo. Matthew Boulton alikuwa na kiwanda Soho, hapa hapa Birmingham, yeye na James Watt wa injini ya mvuke, serikali ikampa tenda mwaka huo sababu senti feki zilikuwa zimejaa mjini kuliko za kweli. Akatengeneza peni ya wakia moja kamili, gramu 28, na peni mbili ya wakia mbili, gramu 56, upana milimita 41. Wazo lilikuwa kwamba thamani ya shaba iliyomo ilingane na thamani iliyoandikwa, sasa nani ataifoji? Kwa mvuke zikatoka zote zina duara na uzito mmoja. Tatizo watu walichoka kubeba, peni mbili kumi ni zaidi ya nusu kilo mfukoni. Ni shaba tupu, laini, kwahiyo kingo karibu zote zimebonyea, usishtuke ya kwako ikiwa nayo imebonyea. Ipime mama, ikiwa 28 ni peni, ikiwa 56 ni peni mbili.

Sasa hapa mnisikilize. Mitambo ya Soho ilipouzwa kwa mnada mwaka 1850, aliyenunua mashine za kupigia sarafu ni Ralph Heaton, naye wa hapa hapa. Kiwanda chake ndo kilikuwa kinaweka herufi ndogo H kwenye sarafu. Heaton kapiga na pesa za kampuni ya Waingereza Mombasa za 1888, na baadae senti zetu za Afrika Mashariki zenye tundu. Kiwanda kimefungwa 2003.

MamaSalma_Unguja
Nimeipima kwa sonara, 27 na nusu. Ahsante mwanangu. Ila kuna moja ya Mjarumani ina unga unga wa kijani, nikiufuta unarudi.

SentiYaTundu
Mama hiyo iondoe kwenye mkebe leo leo, itenge peke yake. Hiyo ndo tunaita ugonjwa wa bronzi na ni kitu pekee katika shughuli hii kinachonitisha.

Tofauti ni hii. Ukijani mgumu, laini, ulioshika, ni ngozi, uache. Unga wa kijani mpauko, ukiugusa na kijiti cha meno unatoka na chini yake pamebaki kishimo, huo ni ugonjwa. Ndani ya shaba mmeingia kloridi, labda kutoka kwenye udongo wa chumvi au jasho au bahari, ikikutana na unyevu wa hewani na oksijeni inatengeneza asidi, asidi inakula shaba, inazaa kloridi tena, mzunguko hauishi mpaka sarafu inakuwa vumbi. Nyie wa Unguja, Mombasa, Dar, Tanga, mna unyevu na chumvi vyote viwili, kwahiyo huko mnatakiwa muwe makini kuliko mimi.

Tiba ya zamani ya mafundi wa makumbusho ni kuiloweka kwenye sodiamu seskwikaboneti. Na wakuu hiyo ni nini? Ni magadi. Yani madini yanayovunwa Ziwa Magadi, hayo hayo ya maharage, jina lake la kisayansi ndo hilo. ILA USICHUKUE YA SOKONI, yale ghafi yana chumvi ya kawaida ndani, na chumvi ndo adui tunayemtoa, utakuwa unamtibu mgonjwa kwa sumu iliyomuumiza. Tengeneza safi mwenyewe, magadi soda ya kuokea na soda ya kufulia isiyo na marashi, nusu kwa nusu, gramu 20 mpaka 50 kwa lita ya maji yaliyochemshwa mvuke ukakusanywa. Maji hayo petroli stesheni wanauza kama maji ya betri, sema wazi unataka yale ya kuongezea, SIYO ASIDI, kuna watu wanauza vyote viwili kwenye chupa zinazofanana. Badilisha maji kila wiki au mbili, wiki kadhaa mpaka miezi. Rangi inaweza kubadilika kidogo, afadhali hivyo. Baadae suuza siku kadhaa kwa maji yale yale safi, kausha kabisa, paka nta nyembamba.

Kutunza: zile bahasha za plastiki laini zinazonuka nuka, tupa, zinatoa asidi na ute wa kijani. Tumia karatasi isiyo na asidi au plastiki ngumu, na vile vipakiti vya kukausha unavyovikuta kwenye boksi la viatu, usivitupe tena.

DktMpole
Naomba kumsahihisha mtoa mada kidogo, nipo Hamburg nami nakusanya. Kuna watu tunaloweka za Kirumi zenye udongo kwenye mafuta ya zeituni miezi, udongo unalainika, unatoa kwa mswaki laini. Zimetoka vizuri tu. Usiwatishe watu na kila kitu.

SentiYaTundu
Daktari heshima yako, ila mafuta ya zeituni nayo yana asidi, polepole lakini ipo, na yakishaingia kwenye vinyweleo vya shaba huyatoi. Maji safi tu yanafanya kazi ile ile, unabadilisha kila siku mbili tatu. Uvumilivu ule ule.

DktMpole
Hapo hatutakubaliana, na zangu zipo kabatini zimenyooka. Ila la magadi ya sokoni upo sahihi kabisa.

Njoro254
Niaje wasee. Nyanyangu aliacha ten cents ya tundu, imeandikwa EDWARDVS VIII 1936 na kaherufi H. Nimegoogle huyo king alitoka kabla hajavishwa taji, so hii si ni error? Kuna msee River Road, Nairobi, ameniofa soo mbili (shilingi 200) nikakataa, nangoja milioni.

SentiYaTundu
Njoro pole ndugu yangu, soo mbili ilikuwa ofa ya haki.

Edward VIII kaingia Januari 1936, Desemba 11 kaachia kiti amuoe mpenzi wake. Sarafu za Uingereza zenye uso wake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi, zilizopo ni za majaribio na bei yake usiulize. Lakini sarafu zenye tundu katikati hazina nafasi ya uso, ni jina tu, kwahiyo za Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Fiji na New Guinea zikatolewa kabisa zikatumika. Ya kwako ni bronzi halali, sio kosa, na za aina yake zilipigwa nyingi. Zenye H ni za Heaton, zenye KN ni za King's Norton, viwanda vyote viwili vya mji huu. Ndo asili ya jina langu humu. Nyanya yako alikuwa ameshika sarafu ya mfalme ambaye Muingereza mwenyewe nyumbani kwake hakuwa na sarafu yake mfukoni, hiyo raha haina bei ya River Road, itunze tu.

Njoro254
Dah. Sawa, naitunza. Lakini ile ya rupee ya German kuwa milioni mia, pia hiyo ni uongo?

SentiYaTundu
Rupia ya kawaida ya Mjerumani ni sarafu ya fedha, bei yake inategemea mwaka na hali, na milioni mia haipo. Ukiambiwa ina zebaki, ina nguvu, inavuta kitu, kimbia. Ya maana ipo, ila ni nyingine, ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo iliyopigwa Tabora 1916, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kwenye karakana ya reli, Wajerumani wamebanwa na vita hawapati pesa kutoka kwao. Karakana hiyo hiyo ikapiga heller 20 (heller ndo senti za rupia hiyo) za shaba na shaba njano, ovyo ovyo, kila moja na sura yake, herufi T ya Tabora chini. Hizo za heller 20 nazipenda kuliko hata tembo, na mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzinunua.

Kigogo_Mstaafu
Vijana mnasifia mali za wizi. Makaburi na mahekalu yanachimbwa usiku, vitu vinauzwa Ulaya, nyie mnaita starehe.

SentiYaTundu
Mzee shikamoo, na sikatai. Uchimbaji wa usiku upo, na sarafu ikishatolewa kwenye udongo wake bila kuandikwa, habari yake imekufa, hujui ilikuwa na nini pembeni, kwenye nyumba au kaburi. Ndomana nimesema risiti. Uingereza kuna sheria ya hazina ya 1996, sarafu mbili au zaidi za fedha au dhahabu, au kumi au zaidi za shaba kutoka sehemu moja, zikiwa na miaka zaidi ya 300, lazima uripoti, na makumbusho wanapewa nafasi ya kwanza kununua. Frome ilienda hivyo, aliyeipata aliacha chungu chini wataalam wakaja kukichimba tabaka kwa tabaka. Italia, Ugiriki na Uturuki ni wakali zaidi, Uturuki ukikutwa uwanja wa ndege na sarafu ya kale mfukoni unaenda ndani. Na nyumbani Tanzania ipo sheria ya mambo ya kale ya 1964, ukiokota kitu Kilwa usije humu kuuliza bei.

Mi nanunua zilizokuwa kwenye makusanyo ya zamani zenye karatasi. Sijasema inamaliza tatizo mzee, soko likiwepo mchimbaji atakuwepo.

Kigogo_Mstaafu
Marahaba. Angalau umekiri.

mjukuu_wa_Pangani
Kwani Warumi hawakufika kwetu? Rhapta je, ule mji wa biashara wa kale wa pwani yetu? Mi naamini zipo chini ya mchanga hapa hapa.

SentiYaTundu
Wafanyabiashara wa dunia ya Kirumi walijua pwani yetu, ile Periplus, kitabu cha Kigiriki cha safari za baharini cha karne ya 1, inaitaja Rhapta na hata bidhaa zilizoletwa: mikuki, mashoka, visu, sindano za kutobolea, vitu vya kioo. Pesa haimo kwenye orodha hiyo. Kuna hazina iliyosemwa imepatikana Bur Gao, kusini mwa Somalia, mwanzoni mwa miaka ya 1910, ina sarafu za kina Ptolemy wafalme wa Misri, za Warumi, alafu pia za Wamamluki wa Misri na Waturuki wa baadae sana, mchanganyiko wa ajabu, wataalam wengi hawaiamini maana mtu anaweza kuleta hata mfuko wa mkusanyaji akasema kaukuta mchangani.

Ukitaka Roma yenye Afrika ndani yake, tafuta za Karthago, Tunisia ya leo. Karakana ya sarafu ilifunguliwa pale mnamo 296, kuna moja mwanamke anaiwakilisha Afrika kavaa ngozi ya kichwa cha tembo kichwani, kashika pembe ya ndovu, miguuni simba na ng'ombe. Na Septimius Severus, aliyetawala 193 mpaka 211, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya.

Mwinjilisti_Songea
Bwana asifiwe. Zile za mjane maskini wa Marko 12 zipo kweli?

SentiYaTundu
Amina mtumishi. Zipo, ila hakuna anayeweza kukwambia "ni ile". Zinazouzwa kwa jina hilo ni visarafu vya Yudea vya shaba, vingi vya mfalme Alexander Jannaeus aliyetawala 103 mpaka 76 K.K., gramu moja au pungufu, nanga upande mmoja, nyota au gurudumu upande wa pili, vimepigwa hovyo nusu ya maandishi yameangukia nje. Viliendelea kuzunguka miaka mingi baada yake. Kuna na za Pilato mwenyewe, za mwaka 29 mpaka 31, kaweka fimbo ya mpiga ramli wa Kirumi na kata ya sadaka, kwenye nchi ya Wayahudi, mnaweza kufikiria walivyofurahi. Bei ya hizi inapanda kwa sababu ya Biblia na sio uchache, na feki za kuuzia mahujaji zipo nyingi.

Mswahili_Uppsala
Mmewasahau Waswidi. Huku pesa ya shaba ilikuwa bamba. Mwaka 1644 enzi za Malkia Christina walitoa bamba la daler 10, kilo 19.7, SARAFU MOJA. Mgodi wa Falun ulikuwa unatoa shaba kupita kiasi, wakataka kila pesa iwe na thamani ya shaba yake, kwahiyo ukienda kununua ng'ombe unaenda na mkokoteni. Mabamba yameendelea mpaka 1776. Na 1661 Stockholm ndo wakatoa noti za kwanza Ulaya, mgongo uliwachosha.

SentiYaTundu
Hahaha asante, na mengine yamelala kwetu Afrika, meli ya Kidenmaki Nicobar ilizama kusini mwa Afrika Kusini 1783 ikiwa na shehena ya hayo mabamba, yakaja kutolewa miaka ya 1980.

Kwa mizigo hiyo hiyo ongeza kopeki 5 za Catherine wa Urusi, gramu 51 na tai mwenye vichwa viwili, herufi EM ni Ekaterinburg. Alafu Napoleon III wa Ufaransa kuanzia 1852 akawapunguzia watu mzigo, bronzi ya shaba 95, bati 4, zinki 1, na uzito wa kupendeza: sentimu 10 gramu 10, sentimu 5 gramu 5, 2 gramu 2, 1 gramu 1. Muuza duka akikosa jiwe la mizani anatumia pesa. Waingereza mwaka 1860 wakaiga mchanganyiko huo huo. Napoleon huyo alivyotekwa na Wajerumani vitani Sedan 1870 watu wakawa wanamchora kofia ya Kijerumani kichwani kwenye sarafu zake mwenyewe kwa msumari, na hizo zilizochorwa leo zinakusanywa peke yake.

kipanga255
Mkuu umesema utafika kwa matapeli.

DktMpole
Hili nijibu mimi. Feki hazijaanza jana, Giovanni da Cavino wa Padova miaka ya 1500 alitengeneza sestertius nzuri mpaka leo zina wakusanyaji wake. Za siku hizi nyingi ni za kumimina kwenye kalibu. Angalia ukingoni, kama kuna mstari wa kuungia au alama za tupa, weka chini. Herufi zimevimba kama sabuni iliyotumika, vitundu vidogo vya hewa, uzito haulingani, weka chini. Kuna nyingine sarafu ni ya kweli ila imechongwa upya nywele na macho ili ionekane nzima, hiyo mbaya zaidi maana uzito na ukingo viko sawa. Na jaribio ninaloliamini kuliko yote: za kale zilipigwa kwa nyundo na mkono, moja moja. Hakuna mbili zenye ufa ule ule, sehemu ile ile, na picha imehama upande ule ule. Ukikuta mapacha, zote zimetoka kalibu moja.

BintiMuscat
Nimefatilia kimya kimya toka juzi. Nipo Muscat, kuna mjomba muuza vitu vya kale sokoni kaniuzia moja kwa rial 8, kwa makubaliano nikibadili mawazo narudisha. Kichwa chenye kofia ya chuma kinaangalia kushoto, VRBS ROMA, nyuma mbwa na watoto, nyota mbili juu, chini TRS. Gramu 2.4, milimita 17. Sijaisugua.

SentiYaTundu
Dada kwa maelezo hayo ni Trier, karakana ya pili, miaka ya 330 mwanzoni, uzito na upana viko mahali pake na bei sio mbaya. Ukingo ukoje? Na huyo mjomba anazo nyingine za aina hiyo?

BintiMuscat
Ukingo umelainika sana, na kuna ufa mdogo kwenye saa mbili. Anazo nyingine nne kwenye kisahani, anasema zote zimetoka chungu kimoja. Kesho naenda.

SentiYaTundu
Zipange mstari zote uzipige picha kwa mwanga wa pembeni, angalia ule ufa na zile nyota mbili ziko umbali gani na ukingo.

BintiMuscat
Nimetoka huko. Tatu zina ufa saa mbili, na nyota ya kulia imekatika nusu kwenye zote tatu.

DktMpole
Rudisha.

BintiMuscat
Nimesharudisha. Kanipa rial 5, tatu kasema niende Alhamisi inshaallah.